Ukame wa Mabao Hauna Mganga

Kila mwaka, ligi inapofika mzunguko wa nne au wa tano na timu ya mkoa ikawa haijatikisa nyavu ila mara moja, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha mpira na kuwaelekeza walimu wanaoufundisha huulizwa hapa Kolandoto, Shinyanga, swali lile lile, kwa maneno yale yale, na watu wa kila daraja: dereva wa bodaboda anayengoja abiria kando ya barabara ya Mwanza, muuguzi atokaye zamu ya usiku hospitalini, mwanafunzi wa chuo cha afya, na mzee wa heshima atokaye ibadani. "Mwalimu, nani katufungia goli?" Muradi wao si kujua ubora wa mabeki wa wapinzani wala udhaifu wa mawinga wetu; muradi wao ni kulipata jina la mtu aliyezika kitu chini ya mlingoti, ili atafutwe mwingine mwenye nguvu zaidi aje akifukue. Nimekwisha kulijibu swali hili kwa upole. Leo nalijibu kwa ukali, kwa kuwa nimeshuhudia michango ya wapenzi wa timu ikitumiwa kwa safari za usiku za kamati ya ufundi kwenda kwa waganga, ilhali vijana waliotarajiwa kufunga mabao hayo hawajapokea mshahara, na dhuluma ya namna hiyo haistahili kunyamaziwa.

Hoja ya wanaoitakidi kufungwa kwa goli ni hii: timu ilitawala mchezo, ilipiga mashuti mengi, mpira mmoja uligonga mwamba, kipa wa wageni akadaka hata yasiyodakika, na mambo hayo yakatukia mechi tatu mfululizo, basi, husema, hili haliwezi kuwa jambo la kawaida, pana mkono wa mtu. Taksiri ya hoja hii iko katika dai ambalo wamelichukua bila kulipima, kwamba jambo hilo si la kawaida. Katika mpira wa miguu kukosa ndiyo ada, na kufunga ndiko nadra. Popote duniani ambapo mashuti yamehesabiwa kwa uangalifu imedhihirika kwamba mashuti kumi huzaa bao moja hivi. Kwamba mashuti mia yaliyopigwa kutoka nje ya eneo la kumi na nane huzaa mabao yasiyofika matano. Na kwamba hata penalti, ambayo mpigaji husimama peke yake mbele ya kipa kwa umbali wa mita 11, hukoswa takriban mara moja katika kila nne.

Sasa ichukue timu ya wastani kabisa, ifungayo mabao 30 katika msimu wa mechi 30. Kwa kanuni aliyoiandika mwanahesabu wa Kifaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837, ambayo huyaeleza mabao ya mpira kwa ukaribu wa kustaajabisha, timu hiyo itatoka uwanjani bila bao takriban mara 37 katika kila mechi 100, yaani mechi 11 katika msimu mmoja, pasipo kiumbe yeyote kuitakia ubaya. Na uwezekano wa timu hiyo kupita mechi tatu mfululizo bila bao, mahali popote ndani ya msimu huo, unazidi nusu. Kwa hiyo ukame wa mechi tatu hauhitaji mchawi wa kuuleta. Ukitukia Februari, timu ikiwa imekwisha kujiwekea mabao na pointi za kutosha, hupita bila mtu kuukumbuka. Ukitukia Septemba, jedwali la msimamo likiwa bado tupu na macho ya wote yakiwa juu yake, huonekana kuwa msiba uliotumwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya umaarufu wa mganga wa mpira, ambayo natamani kila mpenzi wa timu aifahamu kwa yakini. Mganga haitwi timu inapofunga mabao manne. Huitwa ukame unapofika ukingoni, na timu iliyofika ukingoni, kama uwezo wake haujapungua, haina pa kwenda ila kuurudia wastani wake, awe amekuja mganga au hakuja. Ajitiaye kuleta mvua hapa Shinyanga mwishoni mwa Oktoba ataitwa mwenye karama kabla ya Desemba kwisha, na mawingu hayakupata kumsikia. Tena tazama jinsi biashara hii ilivyojengewa ngome pande zote: bao likipatikana, dawa imefanya kazi, lisipopatikana, wapinzani wana dawa kali zaidi na michango iongezwe, likipatikana kisha timu ikafungwa mawili, basi mchezaji mmoja alivunja mwiko. Dai lisiloweza kushindwa na tukio lolote halina elimu ndani yake, kwa kuwa fundi ambaye hakosei katika hali yoyote hana njia ya kujifunza lolote. Sina ugomvi na tabibu wa miti shamba aliyerithi maarifa yake kwa babu na bibi. Ugomvi wangu ni na huyu anayeuza ushindi.

Najua nitajibiwa kwa mifano, na mifano naijua. Desemba 2016, katika ligi ya Rwanda, mshambuliaji wa Rayon Sports aitwaye Moussa Camara aligonga mwamba kwa kichwa katika mchezo dhidi ya Mukura, akaukimbilia mlingoti na kufanya jambo pale huku kipa akimfukuza, na baadaye akasawazisha. Picha zake zikazagaa Afrika nzima, hata shirikisho la Rwanda likatunga adhabu ya faini kwa vitendo vya namna ile. Watu wote huutazama mkono wake kwenye mlingoti; mimi nakusihi ukitazame kichwa chake kabla ya hapo. Mtu aliyegonga mwamba kwa kichwa amekwisha kumtoroka beki wake, mpira umekwisha kumfikia, naye amekwisha kusimama mahali pa kufungia. Timu imfikishayo mtu wake hapo mara kwa mara itafunga, hata kama mlingoti haukuguswa na mkono wa mtu. Na Februari 2002, mjini Bamako, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, polisi wa Mali walimkamata Thomas Nkono, kipa mashuhuri wa zamani aliyekuwa katika benchi la Kameruni, kwa tuhuma za kuweka hirizi uwanjani. Kameruni wakaifunga Mali 3–0, kisha wakatwaa kombe. Nayo ilikuwa timu yenye Marc-Vivien Foé, Patrick Mboma na Samuel Eto'o. Anayehitaji hirizi ili kueleza jinsi wachezaji hao walivyoshinda amewadhulumu heshima yao.

Wala hatuna haja ya kusafiri hadi Bamako. Geita Gold, jirani zetu, walipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2021/22, wakauanza vibaya, hata Etienne Ndayiragije, aliyepata kuifundisha Taifa Stars, akaondoka msimu ukiwa bado mchanga, na Fred Felix Minziro, ambaye ndiye aliyeipandisha timu hiyo, akashika hatamu. Siku zile nilisikia kila namna ya habari kuhusu nani kawafunga. Msimu ulipokwisha, Geita walikuwa wa nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mfungaji bora wa ligi nzima alikuwa mshambuliaji wao, George Mpole, kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Septemba 2018 Stand United yetu ilikwenda Dar es Salaam ikafunga mabao matatu dhidi ya Yanga, yote ya Alex Kitenge, ingawa ilipoteza mchezo 4–3. Aliyeutazama mchezo ule angeapa kwamba Shinyanga imepata safu ya ushambuliaji ya kutisha. Msimu ulipofungwa mwaka 2019 Stand iliteremka daraja. Mwanzo wa ligi husema uongo kwa ndimi mbili, wa kukatisha tamaa na wa kutia ghururi, na mwenye hekima hausadiki wowote kati yake.

Madhara ya itikadi hii hayaishii mfukoni. Vilabu vyetu vimetozwa faini mara nyingi na Bodi ya Ligi kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi au kwa kukataa kutumia vyumba vya kuvalia, na wachezaji hubadili nguo ndani ya basi, hukosa maelekezo ya mwisho, kisha hutakiwa kushinda. Lakini hasara kubwa zaidi iko katika miguu ya kijana. Mwangalie mshambuliaji aliyekwisha kuambiwa kwamba amefungwa: mpira unapomfikia ndani ya kumi na nane, huinua macho kulitazama lango kabla hajautuliza, mguu wake wa kusimamia hubaki nyuma ya mpira kwa nusu hatua, kifua hulala nyuma, na mpira hupaa juu ya mwamba. Akirudia mara tatu, jukwaa zima husema, "Mnaona?" Naona, naam, naona mguu wa kusimamia. Kosa hilo hutibika kwa wiki chache za mazoezi ya kumalizia, mguu ukiwekwa sambamba na mpira na kifua kikiinamia mbele. Ila halitibiki kwa mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba mguu wake hauna kosa na kwamba adui yake amezikwa ardhini.

Basi sababu za kweli ni zipi? Ni zile zisizosisimua mtu. Usajili hukamilika siku za mwisho, mabeki na viungo hukutana kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya ligi, na mechi za kirafiki huchezwa na timu za mitaa ambazo haziwezi kumkaba mtu. Viwanja vya kanda hii mwezi Septemba, kabla ya mvua, ni vikavu na vigumu, mpira hudunda goti kwa goti, na timu iliyofundishwa kupiga pasi fupi hulazimika kubutua. Safari ya Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja kwa basi, na miguu iliyokunjwa usiku kucha haikimbii kesho yake. Zaidi ya yote, namba tisa anayelaumiwa hupata mpira ndani ya kumi na nane mara mbili kwa mchezo mzima, kwa kuwa beki wa pembeni haendi mbele na kiungo anageukia nyuma. Na wale wanaopaza sauti kwamba dirisha dogo lilete straika mpya watamleta mtu mwingine kuja kuungojea mpira ule ule usiokuja.

Kuhusu la kufanya, nitasema kwa ufupi, kwani si siri. Hesabuni mashuti yaliyopigwa ndani ya kumi na nane kila mechi, na ikiwa yanapungua chini ya matano, kosa liko katikati ya uwanja. Ikiwa yanazidi kumi na mabao hayaji, vumilieni, yatakuja. Acheni mashuti ya mbali yasiyo na tija. Tengeni siku moja ya wiki kwa mipira ya kona na ya adhabu, ambayo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote kwa timu maskini. Mpeni mwalimu mechi kumi kabla ya kumhukumu. Mwagilieni uwanja jioni ya kuamkia mechi. Safirini siku mbili kabla. Lipeni mishahara kwa wakati, kwani akili ya mwenye deni la kodi ya nyumba haiwezi kuamua kwa nusu sekunde apige au atoe pasi.

Nanyi wanachama, mkutano mkuu ujao mkisomewa taarifa ya mapato na matumizi, simameni muulize kila shilingi iliyoandikwa chini ya kamati ya ufundi ilikwenda kwa nani na ilinunua nini, na msiketi mpaka mjibiwe. Fedha hiyo ni yenu. Ingeweza kumlipa mtaalamu wa viungo, kununua mipira ya mazoezi na kulaza timu mahali pa staha. Kiongozi ashindwaye kuwajibu amekwisha kuwaonyesha waziwazi ni nani aliyewafungia goli.