Haki ya Watoto Katika Mshahara wa Baba

Akina baba wengi hupokea mshahara mwisho wa mwezi bila kusoma karatasi yake. Huhesabu noti, huzitia mfukoni, basi. Lakini sehemu moja ya fedha ile si yao: ni ya watoto.

Sehemu hiyo ni posho ya jamaa. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 haiihesabu kuwa mshahara. Maana yake ni nini? Bwana wa kazi hawezi kusema, “Nimekulipa vizuri, watoto wamo humo humo.” Wala baba asiseme, “Ni jasho langu, nitakunywa nipendavyo.”

Zamani shirika la INSS, lililoanzishwa mwaka 1961, lililipa posho hiyo Katanga tu. Kwingineko mabwana wa kazi waliilipa wenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka utaratibu mmoja kwa nchi nzima, na INSS ikageuka kuwa CNSS. Mchango wa posho ya jamaa uliwekwa kuwa 6.5 kwa mia ya mshahara, nao hutolewa na bwana wa kazi, haukatwi kwa mfanyakazi. Sheria hiyo humkumbuka pia mama mwenye mimba na mama aliyejifungua.

Kodi nayo ilikumbuka watoto. Kwa miaka mingi kodi ya mshahara, IPR, ilipunguzwa 2 kwa mia kwa kila mtu anayelishwa na mfanyakazi, hata kufikia watu 9. Aliyedaiwa franka 50,000, mwenye mke na watoto wanne, aliachiwa franka 5,000. Fedha hiyo hununua madaftari.

Na wazazi wasio na mshahara, wakulima na wachuuzi? Hao hawana posho. Lakini Katiba ya mwaka 2006 iliahidi masomo ya msingi bila malipo katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 ahadi hiyo ilianza kutimizwa, hata katika shule za misioni zilizo chini ya mkataba na serikali. Nguo za shule na madaftari vimebaki juu ya mzazi.

Basi, kwa nini wengine hukosa haki zao? Mara nyingi ni kwa sababu ya karatasi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mtoto asiyeandikwa, ofisi haimjui. Mzazi amwandikishe kwa mwandishi wa serikali kabla siku 90 hazijapita tangu kuzaliwa, atunze cheti chake pamoja na cheti cha ndoa, na kupeleka nakala kazini kila mtoto anapoongezeka.

Nanyi akina mama, ombeni kuiona karatasi ya mshahara. Si uchokozi. Baba mwenye busara ataifungua mezani mwenyewe, na mke wake ataisoma pamoja naye.