Uchaga wa Mahindi Nyuma ya Nyumba: Hewa Rafiki, Hewa Adui

Mkulima anapomaliza kuvuna, kazi yake huwa imefika nusu tu. Mahindi yaliyostahimili ukame na ndege shambani yaweza kuharibiwa yote yakiwa ndani ya ua, mita chache kutoka jikoni. Kwa hiyo ghala dogo la nyumbani ni chombo cha sayansi kama kilivyo kipimajoto cha maabara. Kila sehemu yake ina sababu, na asiyeifahamu sababu hiyo hujenga nyumba ya panya.

Katika miteremko ya Mlima Meru na viunga vya jiji la Arusha, mahindi ya masika huvunwa zaidi kati ya Julai na Septemba. Uchaga wa kuyahifadhi waweza kujengwa na mtu yeyote mwenye nyundo, msumeno na subira, kwa kutumia nguzo za mkaratusi au mgrivea, fito na mabati machache.

Kazi ya kwanza: kuondoa maji

Chukua mfano wa familia iliyovuna mahindi ambayo punje zake zina uzito wa kilo 1,000 na unyevu wa asilimia 22. Punje zisizo na hatari ya kuota ukungu zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 13. Katika kilo 1,000 hizo, kilo 780 ni chakula kikavu. Baada ya kukauka, kilo 780 zitakuwa sawa na asilimia 87 ya uzito mpya, ambao ni kama kilo 897. Maana yake ni kwamba zaidi ya lita 100 za maji hazina budi kutoka katika punje. Maji hayo hayana njia nyingine isipokuwa kuchukuliwa na upepo.

Ndiyo maana uchaga hujengwa mwembamba, na ubavu wake mrefu hukabili upepo uvumao mara kwa mara. Upande wa kusini wa Meru, kama vile Akheri na Poli, hupata mvua na ukungu mwingi. Huko upana wa sentimeta 60 hadi 80 unafaa. Upande wa kaskazini, kama Ngarenanyuki na Oldonyosambu, ni mkavu zaidi, na upana waweza kufika mita 1.

Magunzi yenye punje huchukua nafasi takribani mara mbili ya punje zilizopukuchuliwa. Familia ya mfano wetu itahitaji karibu mita za ujazo 2.8. Ikiwa upana ni mita 0.8 na kimo cha mahindi ni mita 1.5, urefu utapatikana kwa kugawanya 2.8 kwa 1.2, yaani mita 2.3 na ushei.

Sakafu ya fito isipungue sentimeta 90 kutoka ardhini, kwa kuwa panya ana uwezo mkubwa wa kuruka. Kila nguzo ivikwe bati lililokunjwa mfano wa faneli iliyopinduliwa, karibu kabisa na sakafu. Uchaga usiegemee ukuta wala mgomba, kwani panya hatajisumbua kuruka ikiwa amewekewa daraja. Paa litokeze nje ya kuta ili mvua isipige mahindi, na mahindi yenyewe yamenywe maganda kabla ya kuingizwa.

Madhara ya kuhifadhi mahindi mabichi si kupungua kwa chakula peke yake. Ukungu uitwao Aspergillus flavus hutengeneza sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki.

Mgeni aliyebadili kanuni

Hapo zamani uchaga ulitosha kwa kukausha na kwa kuhifadhi pia. Hali hiyo ilibadilika alipoingia mdudu kutoka Amerika ya Kati, Prostephanus truncatus, ambaye Watanzania humwita dumuzi. Habari za kuonekana kwake mkoani Tabora zilitangazwa mwaka 1981, na mnamo 1983 alikwisha kuvuka mpaka na kuingia Taveta nchini Kenya. Wakulima wengine walimwita Scania, jina la malori makubwa. Katika baadhi ya maghala ya Tabora yaliyochunguzwa wakati huo, uzito wa mahindi ulipungua hadi asilimia 34 kwa miezi michache.

Dumuzi ana urefu wa milimeta 3 hadi 4.5 tu. Hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa sababu punje zilizoshikamana humpa mahali pa kujikita anapotoboa. Tena hutoboa miti mikavu. Nguzo na fito za uchaga zaweza basi kumtunza adui msimu mzima, zikimngojea mavuno mapya. Kwa ajili hiyo, uchaga ukishakuwa mtupu ufagiliwe, mabaki yachomwe moto, na fito zenye matundu na unga zibadilishwe.

Kazi ya pili: kuzuia hewa

Hapa ndipo kanuni inapogeuka. Hewa ileile iliyokausha mahindi ndiyo inayompa mdudu uhai. Mara punje zinapokauka, na kabla ya mvua za vuli, yafaa zipukuchuliwe na kufungiwa katika chombo kisichopitisha hewa. Ndani ya pipa lililojaa na kuzibwa barabara, wadudu hutumia oksijeni yote iliyopo kisha hufa. Pipa la lita 200 huchukua karibu kilo 140 za punje. Pipa lililowahi kuwekwa dawa au kemikali lisitumiwe kabisa. Mifuko maalumu ya plastiki hufanya kazi hiyohiyo, ingawa dumuzi huweza kuitoboa. Anayechagua dawa ya unga atumie ile tu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako Arusha.

Kufungia mahindi yasiyokauka ni kosa kubwa, kwani unyevu nao hufungiwa humo. Kipimo chake ni rahisi na chaweza kufanywa darasani. Tia punje katika chupa kavu hadi kufikia theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika tatu, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, na siku chache zaidi za jua juu ya turubai zitamalizia kazi.

Shule yenye shamba inaweza kujenga uchaga mmoja na kuwaachia wanafunzi kupima uzito na unyevu wa sampuli ileile kila juma, na kuchora grafu. Mstari wa grafu hiyo unapoacha kushuka, wakati wa kupukuchua umefika.