Utetezi wa madaktari katika sheria za afya za majimbo ya Marekani

Utetezi wa madaktari katika sheria za afya za majimbo ya Marekani ni kazi wanayofanya madaktari, mmoja mmoja au kupitia vyama vyao, ya kuwashawishi wabunge wa majimbo wapitishe, warekebishe au wakatae miswada inayohusu matibabu. Inagusa mambo mengi: chanjo za watoto wa shule, leseni, bima, fidia kwa wagonjwa walioumizwa na matibabu, hata maneno ambayo daktari anaruhusiwa kumwambia mgonjwa wake.

Kwa nini majimbo

Katiba ya Marekani inayaachia majimbo mamlaka ambayo haikuikabidhi serikali ya shirikisho. Kwa sababu hiyo leseni ya udaktari hutolewa na jimbo, tofauti na Kenya ambako daktari husajiliwa na baraza moja la nchi nzima. Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha mamlaka hayo mwaka 1889 katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, iliyomhusu mtu aliyekuwa akitibu wagonjwa bila cheti cha chuo kilichokubaliwa na jimbo.

Hata Medicaid, mpango wa bima kwa watu wa kipato kidogo ulioanzishwa mwaka 1965, huendeshwa na majimbo ingawa gharama zake hugawanywa na serikali ya shirikisho. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba kila jimbo lijiamulie kama litaupanua mpango huo au la. Tangu hapo swali la nani apate bima limejadiliwa katika bunge la jimbo moja baada ya lingine.

Namna kazi inavyofanyika

Kila jimbo lina chama chake cha madaktari. Cha Massachusetts kilianzishwa mwaka 1781, yaani kabla ya Katiba yenyewe kuandikwa. Kile cha taifa, American Medical Association, kilikuja mwaka 1847. Wajumbe wa chama hukutana na kupiga kura juu ya msimamo wao, kisha watumishi wa chama husoma miswada yote inayohusu afya na kuchagua ya kuunga mkono na ya kupinga. Vyama huajiri washawishi wa kudumu ambao sheria inawataka wajiandikishe, na vingi vina mfuko wa kuchangia kampeni za wagombea.

Muswada mwingi hufa au huokoka katika kamati. Hapo daktari hufika kutoa ushahidi, mara nyingi kwa dakika chache tu. Mbunge wa jimbo aghalabu si mtaalamu wa afya, na maelezo ya mtu aliyemhudumia mgonjwa juzi humsaidia kuliko kurasa nyingi za takwimu. Daktari anayetoka katika eneo la uchaguzi la mbunge husikilizwa zaidi, kwa kuwa ni mpiga kura pia.

Texas ni mfano mzuri. Bunge lake hukutana kwa kawaida mwaka mmoja kati ya miwili, kwa siku zisizozidi 140, hivyo muswada uliokosa nafasi hungoja sana. Wakati wa kikao madaktari huenda kwa wingi katika jengo la bunge Jumanne ya kwanza ya mwezi, wakiwa wamevaa makoti meupe. Madaktari wa familia nao hupeana zamu ya kuwatibu bure wabunge na watumishi humo humo bungeni. Ni njia ya kujenga urafiki isiyohitaji hotuba. Mwaka 2021 bunge hilo lilipitisha sheria kuhusu vibali vya awali, yaani ruhusa ambayo daktari lazima aombe kwa kampuni ya bima kabla ya kutoa matibabu fulani. Kwa sheria hiyo kama ilivyopitishwa mwaka 2021, daktari ambaye angalau asilimia 90 ya maombi yake ya huduma hiyo yalikubaliwa katika miezi sita alisamehewa kuomba tena. Aliyeuwasilisha muswada, Greg Bonnen, alikuwa mbunge na pia daktari wa upasuaji wa ubongo.

Chanjo California

Desemba 2014 surua ilizuka miongoni mwa wageni wa bustani ya burudani ya Disneyland, na zaidi ya watu 100 waliugua katika jimbo la California. Wakati huo mzazi aliweza kukataa mtoto wake asichanjwe kwa sababu ya imani yake tu. Seneta Richard Pan, daktari wa watoto, alishirikiana na Seneta Ben Allen kuleta muswada wa kuondoa ruhusa hiyo kwa wanafunzi wa shule za umma na za binafsi. Wazazi wapinzani walijaa bungeni, lakini gavana Jerry Brown alitia sahihi Juni 2015. Kiwango cha watoto wa chekechea wenye chanjo zote zilizotakiwa kilipanda kutoka takribani asilimia 90 hadi zaidi ya 95 katika miaka miwili.

Ikabaki nafasi moja: cheti cha daktari kwamba mtoto hawezi kuchanjwa kwa sababu za kiafya. Vyeti hivyo viliongezeka, vingine vikitolewa na madaktari waliojulikana kuwa wepesi wa kuviandika. Mwaka 2019 Pan alirudi na muswada wa pili wa kuvikagua. Safari hii ulilenga matendo ya madaktari wenzake.

Daktari na bunduki Florida

Utetezi hauishii bungeni. Mwaka 2011 Florida ilipitisha sheria iliyowazuia madaktari kuwauliza wagonjwa kama wana bunduki nyumbani, isipokuwa pale swali lilipohusiana na tiba. Madaktari wa watoto huuliza swali hilo kama wanavyouliza kuhusu bwawa la kuogelea au sumu za kusafishia, kwa ajili ya usalama wa mtoto. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini au kupoteza leseni. Madaktari, pamoja na matawi ya Florida ya vyama vya madaktari wa watoto, wa familia na wa magonjwa ya ndani, walikwenda mahakamani. Februari 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo kwa kuwa iliingilia uhuru wa kusema.

Maslahi ya nani

Madaktari hudai kumsemea mgonjwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini wana mifuko yao pia. Mwaka 1945 gavana Earl Warren wa California alipendekeza bima ya afya kwa wakazi wa jimbo. Chama cha madaktari kiliajiri kampuni ya Clem Whitaker na Leone Baxter, na baada ya kampeni kali pendekezo lilishindwa.

Suala la fidia ni gumu zaidi. Mwaka 1975 ada za bima ya uzembe wa kitabibu zilipanda mno California, na baadhi ya madaktari waligoma. Jerry Brown, aliyekuwa gavana kwa mara ya kwanza, aliita kikao maalumu cha bunge, na ikapitishwa sheria iliyoweka kikomo cha dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na mateso. Gharama za hospitali na mshahara uliopotea havikuwekewa kikomo. Madaktari walisema bila hatua hiyo wengine wangefunga kazi. Hata hivyo kiwango hicho hakikupandishwa kufuata bei za vitu, na aliyeumia zaidi ni yule asiye na mshahara wa kudai: mtoto, mama wa nyumbani, mzee. Mwaka 2014 wapiga kura walikataa pendekezo la kukiongeza. Mwaka 2022 tu, baada ya madaktari na mawakili kupatana, bunge lilikipandisha hatua kwa hatua hadi dola 750,000, na milioni 1 pale mgonjwa anapofariki.

Ubishi mwingine unahusu wauguzi wenye elimu ya juu wanaotaka kutibu bila kusimamiwa na daktari. Vyama vya madaktari husema usalama wa mgonjwa uko hatarini. Wauguzi hujibu kwamba vijijini hakuna daktari wa kuwasimamia. Zaidi ya majimbo 20 yamewapa ruhusa kamili. California iliruhusu mwaka 2020, kwa masharti, ingawa chama cha madaktari cha jimbo kilipinga.