Mbotela alitoka makazi ya waliohamishwa; na Nakivale je?

NAKIVALE, Isingiro – Mfanyabiashara anayepakia maharagwe Base Camp kuyapeleka Mbarara hupatana bei na Mkongomani au Mrundi kwa Kiswahili. Akifika mjini na kuwasha televisheni, TV West humsomea habari kwa Runyankore-Rukiga. Yule aliyemuuzia maharagwe, akitaka kujua kilichosemwa, humtegemea jirani amtafsirie.

Ndiyo maana maisha ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji maarufu wa Kenya aliyefariki Februari 7, 2025, yanaihusu Nakivale.

Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940. Babu yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na ukoo wao ulipata makao Frere Town, makazi ambayo wamisionari walianzisha mwaka 1875 kwa watu walionyang'anywa kwao. Walitoka makabila mbalimbali, Kiswahili kikawaunganisha. Baba yake, James Mbotela, aliandika habari zao katika kitabu Uhuru wa Watumwa.

Mwaka 1964 alijiunga na Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa. Miaka miwili baadaye alianza Je, Huu ni Ungwana?, kipindi cha adabu kilichodumu zaidi ya miaka 50.

Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimchukua nyumbani alfajiri wakamlazimisha kutangaza kwamba Serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Jaribio liliposhindwa, ni yeye tena aliyetangaza kuwa Serikali ingali madarakani. Pande zote mbili zilijua wananchi wangeamini sauti waliyoizoea.

Nakivale ina zaidi ya miaka 60. Wapo vijana waliozaliwa humo, wanaozungumza Kiswahili cha nyumbani na Runyankore ya majirani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili.

Taarifa ya dakika kumi kwa Kiswahili kutoka Mbarara, yenye bei za mahindi na maharagwe na hali ya mpaka wa Kikagati na Murongo, ingemfaa muuzaji wa Nakivale na mnunuzi wa Karagwe vilevile. Wa kuisoma si lazima atafutwe Kampala wala Nairobi. Huenda sasa hivi yuko Base Camp, anamtafsiria mama yake habari za saa mbili usiku.