Zabibu Busia? Inawezekana, lakini si kwa kuiga Dodoma

Jioni Malaba, wazee wa Kiteso huzunguka chungu cha ajon, kila mmoja na mrija wake. Mvinyo nao hutoka mbali, tena kwa bei inayouma. Ndiyo maana vijana huuliza: kwani zabibu haziwezi kumea huku kwetu?

Zinaweza. Shida ni kwamba wengi wanaiga Dodoma, Tanzania. Kule ni kukavu, mvua ni za msimu mmoja, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Busia iko karibu na Ziwa Victoria na hupata misimu miwili ya mvua. Unyevu huo ni sherehe kwa ukungu. Aina za Ulaya kama Chenin Blanc na Syrah hazina kinga ya ubwiri unga wala ubwiri vinyoya. Utanyunyiza dawa hadi mfuko utoboke.

Hapo ndipo chotara huingia. Hupatikana kwa kuchanganya mizabibu ya Ulaya na ile ya mwitu ya Marekani, iliyokua na magonjwa hayo tangu zamani. Maarufu ni Isabella. Brazil, kwenye maeneo ya mvua nyingi, huitumia kwa juisi na mvinyo. India huiita Bangalore Blue. Ina harufu kama ya stroberi, na Wafaransa hawakuipenda: mwaka 1934 walipiga marufuku uuzaji wa mvinyo wake. Hiyo ni shida yao. Busia nani atalalamika kuhusu stroberi?

Usipande mbegu ulizotema baada ya kula, kwani hazifuati mzazi. Panda vipandikizi. Na usivivushe kutoka Uganda kwa njia za panya: miche ya nje huhitaji kibali cha KEPHIS, na ugonjwa mmoja ukiingia nao utamaliza hata shamba la jirani.

Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hivyo unaupogoa ndipo uzae. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Pogoa Septemba, matunda yaive Januari, wakati wa kiangazi. Ukikosea hesabu, yataoza mtini.

Kuuza mvinyo bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya 2010. Mtaji ukiwa mdogo, anza na zabibu za kula na juisi, leseni uifuate shamba likishazaa.