Ukurasa wa Mbele wa Tovuti ya Halmashauri: Wingi wa Habari na Wepesi wa Matumizi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi mikoa na halmashauri zilivyopata, mwaka 2017, tovuti za kiolezo kimoja kilichotengenezwa na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 imekuwa Mamlaka. Leo tuutazame ukurasa wa mbele wenyewe, nao tuutazame kwa macho ya watu wa Tarime na Serengeti, maana huko haja za wananchi ni za namna nyingi na aghalabu hazifanani.

Kiolezo hicho anakijua kila aliyewahi kufungua tovuti ya halmashauri: juu ipo Nembo ya Taifa, na jina la Jamhuri, na la TAMISEMI, chini yake picha kubwa zinazopokezana za vikao, ziara na mapokezi ya Mwenge, kisha picha ya Mkurugenzi na neno lake la ukaribisho, halafu matangazo, habari mpya, video, viungo vya tovuti nyingine, ramani, na hesabu ya waliozuru kutoka pande zote za dunia. Hakuna hata kimoja katika hivi kilicho haramu, na kiolezo chenyewe kilikuwa neema kwa halmashauri zisizo na fundi wala fedha. Walakini mpangilio wake umefuata daraja za ofisi, haukufuata haja za msomaji. Na hiyo ndiyo ila yake, wala si wingi wa habari kama wengi wadhanivyo.

Mathalani, mkulima wa Robanda, jirani na Hifadhi ya Serengeti, anaamka na kukuta tembo wamepita usiku katika mahindi yake na kuyalaza chini. Haja yake ni moja tu, nayo ni kujua namna ya kuomba kifuta jasho, ambacho kanuni za mwaka 2011 zimekiweka kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama hatari, kama zilivyoweka kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Anashika simu yenye bando dogo. Picha ya kikao inafunguka polepole, ya pili inaifuata kabla ya ile ya kwanza kumalizika, na megabaiti zinakwisha kabla hajaifikia fomu, ambayo kama ipo imewekwa ndani ya Machapisho, mlango ambao mtunza nyaraka anaujua lakini mwenye shamba hana sababu ya kuubisha. Ni kama mgeni aliyeomba maji akaketishwa kwanza kutazama picha za ukoo. Hata jina la afisa wanyamapori wa wilaya na namba ya simu ya ofisi yake, zikiwa juu ya ukurasa kwa herufi tupu, zingemfaa kuliko picha zote zile.

Mwenye kudhani kwamba habari nyingi hazipatani na wepesi, na atazame siku ile Baraza la Mitihani litangazapo matokeo ya darasa la saba. Watahiniwa wa nchi nzima huzidi milioni moja, na kurasa za matokeo hazina urembo wowote: mzazi hugusa Mara, kisha halmashauri yake, kisha shule, na jedwali la namba na alama limekwisha fika mbele ya macho yake, hata kwenye simu ya bei ndogo na mtandao wa kusuasua. Habari ni bahari, lakini hazimlemei mtu, kwa kuwa kila hatua humtaka ataje jambo ambalo tayari analijua.

Kanuni hiyo ingeifaa sana Tarime, yenye halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Mtu wa Bomani au Nyamisangura ni wa Mji. Mfanyabiashara wa Sirari, mpakani, na mkazi wa Nyamongo penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, ni wa Wilaya, ambayo makao yake ni Nyamwaga. Atafutaye mkopo wa asilimia kumi wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hawezi kufanikiwa asipojua kwanza ni halmashauri ipi imhusuyo. Orodha ya kata, ikiwekwa mwanzo kabisa wa ukurasa, ingemwokolea nauli ya kwenda asikotakiwa.

Wenzetu ng'ambo wameyapitia haya. Yahoo, iliyoanza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti, ilijaza ukurasa wake wa mbele kila kitu, hali Google ya mwaka 1998 iliacha kisanduku kimoja katika uwanja mweupe; na wengi wakajifunza kwamba uchache ndio uzuri, jambo ambalo ni nusu ya kweli, kwani kisanduku humfaa yule tu anayejua jina la akitakacho. Waingereza walipofungua GOV.UK mwezi Oktoba 2012 mahali pa Directgov, walianza kwa kuuliza kila ukurasa unamfaa nani na kwa haja gani, na usiojibu ukaachwa. Naelewa kwamba kwetu afisa TEHAMA wa wilaya hana ubavu wa kuiondoa picha ya Mwenge peke yake, lakini kuuliza haja za watu kunawezekana.

Basi Afisa Habari na akae mapokezi ya halmashauri, Mugumu kwa watu wa Serengeti au Nyamwaga, aandike daftarini kila swali linaloulizwa: fomu za kujiunga kidato cha kwanza, leseni ya biashara, ushuru wa mnada, tembo. Yale yanayorudi mara nyingi yapande juu ya ukurasa yakiwa maneno matupu. Mengine yote yabaki, ila yashuke, na mpangilio ubadilike kwa misimu, maana swali la Januari si swali la wakati wa mavuno.

Juma lijalo, inshallah, tutazame nyaraka zenyewe, hasa zile zilizopigwa picha kwa mashine na kupandishwa mtandaoni zikiwa nzito, hafifu, na zimelala upande.