Betri ya Gari: Usitoe Pesa Kabla ya Kuikagua

Kuna aibu ya kufika ng'ambo ya Likoni, magari ya mbele yameshatoka kwenye feri, na lako ukigeuza ufunguo linalia tik-tik tu. Mimi ilinifika. Vijana walinisukuma hadi juu huku nyuma yangu honi zinapigwa na matusi yanamiminika. Siku hiyohiyo nikanunua betri katika duka la kwanza nililoliona, na baada ya miezi mitano nikawa palepale. Ile betri "mpya" ilikuwa imekaa rafuni muda ambao hata muuzaji hakuujua.

Sisi watu wa Pwani adui yetu ni joto. Joto hukausha maji ya betri na kuziozesha haraka sahani za risasi zilizo ndani. Kwa hivyo ile namba ya CCA anayokusifia muuzaji, ambayo ni nguvu ya kuwasha injini katika baridi ya chini ya sifuri, huku Mombasa si ya kukutoa roho. Uliza kwanza betri imetengenezwa lini. Tarehe hugongwa juu ya kifuniko au hubandikwa ubavuni, na betri iliyokaa dukani zaidi ya miezi sita mimi siichukui. Mwambie aipime mbele yako: betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.4, mrudishie.

Lakini kabla ya yote hayo, hakikisha betri ndiyo mwenye makosa. Washa gari, hata kwa kushtua kwa waya, kisha pima kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma. Magari mengi husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukiona inabaki 12 na kushuka, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri ya dhahabu itakufia. Wengi wamelipa mara mbili kwa kuruka hatua hii.

Kwenye ukubwa, magari yetu mengi yametoka Japani, na betri zake zina maandishi kama 55D23L. Namba ya kwanza ni kiwango cha nguvu, D ni kimo na upana wa boksi, 23 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha kichwa cha chanya kiko upande gani. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo yenye balaa. Ukipewa R badala ya L, vichwa vimegeuka. Waya hazitafika, au fundi atazivuta kwa nguvu na kuzifunga kinyume, na hapo kompyuta ya gari inaweza kuungua. Nenda na betri yako ya zamani dukani mkazilinganishe. Magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni yana betri zao, zenye alama kama Q-85 au M-42; ukitia ya kawaida haitadumu. Na Prius nyingi, ambazo betri yao ya volti 12 iko nyuma, zina kimrija cha kutolea gesi nje. Kirudishwe mahali pake.

Sasa kufunga. Zima gari, toa ufunguo, vua pete na saa ya chuma. Anza kufungua hasi, kisha chanya. Sababu yake ni hii: bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa chuma chochote huku hasi bado imefungwa, umeme wote unapita kwenye spana, inakuwa nyekundu mkononi mwako. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Usivute sigara hapo, kwani betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, endelea kuosha njia nzima hadi hospitali.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa usugue kwa maji ya moto na magadi kidogo, ukaushe, kisha upake grisi. Halafu funga ule mkono wa chuma unaoshika betri. Mafundi wengi huuacha, wengine huweka kamba ya mpira, na barabara zetu mnazijua: betri inayorukaruka hupasuka ndani mapema.

Inabaki betri ya zamani. Usiiache uani watoto wakachezea, wala usimpe mtu wa kuiyeyusha kwenye moto. Ndani yake mna risasi, na Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa sumu hiyo. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi na watoto wao, hadi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo. Maduka mengi ya betri hupokea ile kuukuu na kukupunguzia bei ya mpya. Itaje mapema, kabla hamjakubaliana bei, maana wenye maduka husahau.